UDONGO HUSHIKWA NA NGUVU MBILI
Maneno ya hotuba iliyotolewa na mhandisi wa udongo mbele ya wakulima, mafundi wa ujenzi na walimu

 Nimeombwa nizungumze juu ya udongo, na najua wako miongoni mwenu wanaojiuliza, "Huyu atatufundisha nini juu ya udongo?" Wana haki kuuliza. Udongo ndio tunaoulima, ndio tunaofinyangia vyungu na kukandikia nyumba, na mwisho wa safari ndio utakaotufunika. Hata hivyo liko jambo moja juu yake ambalo jicho haliwezi kulipima, wala mkono hauwezi kulikadiria barabara. Nalo ni hili: udongo una nguvu kiasi gani ya kujishika usiporomoke? Jambo hilo hujulikana kwa majaribio tu, na asiyelijua huweza kupoteza mali yake, au hata roho yake.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa ningali kijana katika kazi hii, nilipita katika kijiji kimoja cha milimani nikamkuta mzee mmoja amekata mteremko nyuma ya nyumba yake ili apate mahali pa kujenga zizi. Ukuta wa udongo aliouacha ulisimama wima, mrefu kupita watu wawili, mwekundu na mkavu. Nilimwamkia, kisha nikamwambia, "Mzee, ukuta huu unanitia hofu."

Alicheka, akasema, "Mwanangu, udongo huu nimeulima tangu kabla hujazaliwa. Ukiupiga kwa jembe, jembe ndilo linaloumia. Tazama, ukuta una miaka miwili sasa, na haujadondosha hata bonge moja."

Sikuwa na la kumjibu, maana sikuwa nimeupima udongo ule, na kijana hamshindi mzee kwa hofu tupu. Mwezi wa Aprili uliofuata, baada ya mvua ya siku nyingi mfululizo, ukuta ule ulianguka usiku. Ulifunika zizi pamoja na ng'ombe watatu. Mjukuu wake, aliyekuwa amelala katika chumba cha nyuma, alitolewa akiwa hai, lakini mguu wake umevunjika.

Mzee yule hakuwa mjinga wala mzembe. Aliyoyasema juu ya udongo wake yalikuwa kweli kabisa, ila yalikuwa kweli ya wakati wa kiangazi.

SAHANI TATU ZA MCHANGA

Hapa mezani nimeweka sahani tatu. Katika sahani ya kwanza namimina mchanga mkavu. Mwaona kwamba unajilundika kama chungu ya mahindi uwanjani, na pande zake zina mteremko. Nikiendelea kumimina, lundo linakuwa kubwa zaidi, lakini mteremko wake haubadiliki. Mchanga unaozidi huteleza hadi chini. Kwa mchanga mkavu wa kawaida mteremko huo huwa kama digrii 30 hadi 35 kutoka usawa wa meza. Kinachoushika mchanga huu usitawanyike wote kama maji ni kukwaruzana kwa chembe zake. Kila chembe hukwama juu ya mwenzake, na kadiri zinavyogandamizwa ndivyo zinavyozidi kukwamana. Nguvu hii twaiita msuguano wa ndani.

Katika sahani ya pili mchanga ni ule ule, lakini nimeunyunyizia maji kidogo. Sasa naweza kuufinyanga, na hata kuusimamisha wima kama ukuta. Watoto wa pwani wanaocheza ufukoni wanalijua jambo hili vizuri. Maji machache yaliyo katikati ya chembe huzivuta zikashikana. Katika udongo wa mfinyanzi chembe ni ndogo mno hata hazionekani kwa macho, nazo hushikana zaidi kuliko za mchanga. Nguvu hii ya pili twaiita mshikamano. Haihitaji mgandamizo, maana bonge la mfinyanzi hubaki bonge hata likiwa halina uzito wowote juu yake.

Katika sahani ya tatu nimesimamisha ukuta mdogo wa mchanga wenye unyevu, na sasa naumiminia maji mengi. Tazameni. Umekwisha anguka. Sikuongeza uzito juu yake, wala sikuusukuma. Nimeongeza maji tu.

MTU ALIYETENGANISHA NGUVU HIZI

Aliyeziandika nguvu hizi mbili kwa hesabu alikuwa Mfaransa aliyeitwa Charles-Augustin Coulomb. Alikuwa mhandisi wa jeshi, na mwaka 1764 alipelekwa katika kisiwa cha Martinique, huko Karibi, kujenga ngome. Alikaa huko karibu miaka minane. Ilimpasa kujua ukuta wa mawe uwe mnene kiasi gani ili uweze kuzuia udongo uliojazwa nyuma yake. Mwaka 1773 alisoma maandishi yake mbele ya wataalamu huko Paris, nayo yakachapwa mwaka 1776. Alisema kwamba udongo hupinga kukatika kwa njia mbili: kwanza kwa mshikamano, ambao hutegemea ukubwa wa eneo linalokatika, na pili kwa msuguano, ambao hutegemea uzito unaoligandamiza eneo hilo. Maneno hayo yamepita miaka 200, na mpaka leo wahandisi wa ulimwengu mzima wanayatumia.

NAMNA YA KUPIMA

Huenda mtaniuliza, "Ikiwa nguvu hizi mbili hufanya kazi pamoja ndani ya bonge moja, mtu atazitenganisha vipi?" Njia yake ni nyepesi kuielewa, nayo ni kisanduku cha kukatia udongo.

Kisanduku hiki ni cha chuma, nacho kimekatwa nusu mbili, ya juu na ya chini. Upana wake mara nyingi ni sentimita 6 kwa 6. Udongo hutiwa ndani ukajaa nusu zote mbili. Juu yake huwekwa kifuniko, na juu ya kifuniko uzito. Halafu nusu moja huvutwa pole pole kwa pembeni, huku ya pili imezuiwa. Udongo ulio katikati unalazimika kukatika. Mpimaji hutazama ni nguvu kiasi gani iliyohitajika mpaka ukakatika, naye huandika. Kisha hutia udongo mwingine wa namna ile ile, huongeza uzito, na kuvuta tena. Hufanya hivyo mara tatu au zaidi.

Nitawapa mfano wa hesabu. Tuseme mara ya kwanza tumeweka uzito wa kilo 20, na udongo umekatika tulipouvuta kwa nguvu ya kilo 20. Mara ya pili uzito ni kilo 40, nao umekatika kwa kilo 32. Mara ya tatu uzito ni kilo 60, nao umekatika kwa kilo 44. Angalieni hesabu hiyo. Kila tulipoongeza kilo 20 za uzito, nguvu ya udongo iliongezeka kwa kilo 12. Huo ndio msuguano, maana unakua pamoja na uzito. Kumi na mbili ukigawanya kwa ishirini ni 0.6, na mteremko wenye kipimo hicho ni kama digrii 31. Hiyo huitwa pembe ya msuguano.

Sasa turudi nyuma. Kama kilo 20 za uzito huleta kilo 12 za nguvu, basi tukiuondoa uzito wote, katika zile kilo 20 za mara ya kwanza zitabaki kilo 8. Kilo hizo 8 hazikuletwa na uzito wowote. Huo ndio mshikamano. Mwanafunzi akichora hesabu hii katika karatasi ya miraba, akaweka uzito upande wa kulia na nguvu upande wa juu, nukta zake tatu zitakaa katika mstari mmoja. Mwinuko wa mstari ni msuguano, na mahali mstari unapokata upande wa kushoto ni mshikamano. Hivyo jambo lililofichika ndani ya udongo limeonekana wazi juu ya karatasi.

Walimu waliopo hapa wanaweza kulifanya jaribio hili shuleni. Tengenezeni fremu mbili za mbao zilizo sawa, ya chini mkaipigilia mezani na ya juu mkaiacha huru. Mbao zenyewe zisigusane sana, msije mkapima msuguano wa mbao badala ya udongo. Jazeni udongo, wekeni kifuniko kinachoingia ndani ya fremu ya juu, na juu yake mawe mliyoyapima. Fungeni kamba katika fremu ya juu, ipitisheni juu ya kapi lililo ukingoni mwa meza, na mwisho wake tundikeni ndoo. Mimineni mchanga ndani ya ndoo kidogo kidogo mpaka fremu iteleze, kisha pimeni ndoo. Rudieni kwa mawe mazito zaidi. Jaribio hili ni la kufundishia. Kipimo cha kujengea nyumba au bwawa hufanywa na wenye vyombo kamili.

MAJI YANAFANYA NINI

Mabibi na Mabwana, nawaomba mnisikilize hapa kwa makini kuliko mahali pengine pote.

Tuchukue udongo ule ule wa mfano wetu, tuuloweshe mpaka ushibe maji, halafu tuupime upya. Katika udongo mwingi wa namna hii tutaona kwamba pembe ya msuguano haikubadilika sana, lakini mshikamano umepungua mno. Tuseme umeshuka kutoka kilo 8 hadi kilo 1. Basi chini ya uzito wa kilo 40, udongo uliokuwa ukikatika kwa kilo 32 sasa unakatika kwa kilo 25.

Hasara haiishii hapo. Maji yakizidi, yakakosa njia ya kutoka, yenyewe huanza kubeba sehemu ya uzito ulio juu. Chembe hazigandamizwi tena kama kwanza, maana maji yamezitenganisha, kama mashua inavyonyanyuliwa na maji yanapojaa. Ikiwa maji yanabeba kilo 20 kati ya zile 40, zilizobaki kuzigandamiza chembe ni 20 tu. Nguvu ya udongo itakuwa 12 na 1, yaani 13. Ilikuwa 32, sasa ni 13, na wala hakuna aliyegusa mlima kwa jembe.

Wahandisi hulinganisha nguvu inayoshika na nguvu inayovuta. Tuseme mlima wetu unavutwa chini kwa nguvu ya 20. Wakati wa kiangazi ulikuwa na 32, yaani mara 1.6 ya ile inayovuta. Huo ni usalama mzuri, maana katika kazi za kudumu huwa tunataka usipungue 1.5. Mvua za kwanza zikaushusha mshikamano, mlima una 25, yaani mara 1.25, nao bado umesimama. Watu wanasema, "Mwaona? Mvua imenyesha na hakuna kilichotokea." Lakini maji yanaendelea kuzama. Siku ile inapofika 13 dhidi ya 20, mlima hauna budi kuteremka. Ndiyo sababu maporomoko mengi hayatokei siku ya kwanza ya mvua, bali baada ya mvua ya siku nyingi, wakati ardhi imekwisha shiba.

Aliyelifafanua jambo hili la maji kubeba uzito alikuwa Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague mwaka 1883. Alifanya majaribio yake ya mwanzo alipokuwa akifundisha Istanbul, na mwaka 1925 alitoa kitabu kilichoanzisha elimu hii ya udongo kama tunavyoijua leo. Kwa sababu ya elimu hiyo, leo tunacho chombo kingine ambacho ndani yake bonge la udongo la umbo la mche wa duara huvikwa mpira mwembamba, likazungukwa na maji yenye mgandamizo pande zote, kisha likasukumwa kutoka juu. Kwa chombo hicho twaweza kupima hata mgandamizo wa maji yaliyomo katikati ya chembe, tukajua ni uzito kiasi gani unaobebwa na udongo wenyewe.

HABARI YA BWAWA LA SASUMUA

Msidhani majaribio haya kazi yake ni kutisha watu tu. Mara nyingine huondoa hofu isiyo na sababu. Katika miaka ya 1950 bwawa la Sasumua lilijengwa Kinangop, katika Nyandarua, ili kupeleka maji Nairobi. Boma lake lilijengwa kwa udongo mwekundu wa mahali pale. Wahandisi walipoupima kwa vipimo vya kawaida waliingiwa na wasiwasi, maana udongo ule ulishika maji mengi kuliko ilivyozoeleka, na hata ukishindiliwa ulikuwa mwepesi. Kwa desturi ya nchi nyingine, udongo wenye vipimo hivyo ungehesabiwa kuwa mbaya.

Terzaghi aliitwa atoe shauri. Udongo ulipopimwa nguvu zake zenyewe, ulionekana kuwa na msuguano mkubwa, tena haukuwa mwepesi kubonyea. Sababu ni kwamba chembe zake ndogo zimejishika pamoja zikawa vifundo vigumu vyenye matundu, navyo hukwaruzana karibu kama mchanga. Habari hii Terzaghi aliiandika na ikachapwa London mwaka 1958, nayo inasomwa mpaka leo na wanaojenga kwa udongo mwekundu wa nchi za joto. Bwawa lipo, na maji yake yangali yanakwenda Nairobi.

Fundisho ni kwamba udongo usihukumiwe kwa rangi yake, wala kwa sifa ulizoletewa kutoka mbali. Upimwe hapo hapo ulipo, na upimwe katika hali utakayoikuta.

TUFANYE NINI

Mwezi wa Novemba 2019, huko Pokot Magharibi, mvua kubwa iliteremsha milima usiku, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Mwezi wa Machi 2010, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, udongo ulifunika kijiji cha Nametsi katika Bududa, na watu wengi sana walizikwa hai. Hatuwezi kuizuia mvua. Yako mambo lakini tunayoweza kuyafanya.

Kwanza, mtu asikate mteremko wima nyuma ya nyumba kwa kuwa udongo ni mgumu wakati wa jua. Ukuta mrefu wa udongo ukatwe kwa ngazi, au ulazwe.

Pili, maji yapewe njia. Mtaro ulio juu ya mteremko, unaochukua maji ya mvua na kuyapeleka mbali kabla hayajazama, huweza kuwa na faida kuliko ukuta wa mawe wa fedha nyingi. Na ukuta wa mawe usiwe bila matundu ya kutolea maji.

Tatu, miti isikatwe ovyo. Mizizi hushona udongo na kuuongezea mshikamano, tena miti hunywa maji ya ardhini. Lakini mjue pia kwamba mizizi haifiki kila mahali. Panapokatika kwa kina kirefu, miti huteremka pamoja na udongo.

Nne, tazameni dalili: nyufa mpya juu ya mteremko, miti au nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi iliyotokea mahali ambapo haikuwapo, milango iliyoanza kukwama bila sababu. Mkiziona wakati wa mvua, msingoje asubuhi. Ondokeni pamoja na watoto, na mpelekeeni chifu habari.

Tano, kabla ya kujenga bwawa, shule, kanisa, msikiti au nyumba ya ghorofa, udongo upimwe. Iko maabara ya Serikali ya kupimia vifaa vya ujenzi huko Nairobi, na vyuo vikuu vyetu vina vyombo hivi. Udongo unaopelekwa usiwe wa kuokota juu juu. Uchimbwe kutoka kina kitakachobeba kazi, ufungwe vizuri usipoteze unyevu wake, na anayeupima aombwe aupime pia ukiwa umeshiba maji.

Nitamaliza kwa habari za yule mzee. Niliporudi kumpa pole, nilikwenda na kisanduku changu. Nilichukua udongo wa mahali pale palipoanguka, nikaupima mkavu, kisha nikaupima umeloweshwa, nikamwonyesha mistari miwili katika karatasi. Aliitazama muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, siku ile ulinijia na hofu, nami hofu ninayo yangu ya kutosha. Ungalinijia na karatasi hii, zizi ningalilijenga upande wa pili."

Maneno hayo sijayasahau. Tangu siku hiyo sikupata tena kumwambia mtu kwamba ukuta wake unanitia hofu pasipo kuupima kwanza. Nanyi nawasihi, mtakapoambiwa kwamba udongo fulani ni kama jiwe, ulizeni: Umepimwa? Nao ulipopimwa, ulikuwa mkavu au umelowa?